Kanzu ya bwana harusi ilitoka kama haijafuliwa

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka michache nyuma nilipiga picha nikaha ya jamaa pale Tanga, saa nne asubuhi, jua limeshawaka, bwana harusi kanzu nyeupe pe, mashahidi kanzu nyeupe, na ukuta nyuma yao umepakwa chokaa. Mimi na dijitali yangu nimeiachia otomatiki, nafyatua tu. Nilipopeleka picha mama wa bwana harusi akaziangalia kimya, halafu akaniuliza taratibu, "Baba, mbona kanzu ya mwanangu kama haijafuliwa?" Kweli bwana, kanzu zote zilikuwa rangi ya majivu, na sura za watu giza tupu, hujui yupi shahidi yupi bwana harusi.

Wengi hapo tunalaumu kamera, lakini kamera ilifanya ilichofundishwa. Ile mita ya mwanga iliyomo ndani haijui inaangalia kanzu, mbuzi au sufuria, yenyewe inachukulia kwamba chochote kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu cha kati, sasa ukiielekezea weupe mwingi inaona mh, hapa mwanga umezidi, inapunguza, weupe unakuwa kijivu. Ukiielekezea mabuibui meusi inaongeza, na buibui linatoka kama limelowekwa kwenye jiki wiki nzima. Kwahiyo dawa yake ni kama kichekesho, kwenye kitu cheupe unaongeza mwanga na kwenye cheusi unapunguza. Siku hizi kanzu naziongezea stopu moja mpaka moja na nusu kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, na kina mama wa mabuibui nawatolea kama stopu moja hivi. Stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake, iwe umetoa shata (muda pazia la kamera linakaa wazi) 1/250 kwenda 1/125, apacha (upana wa tundu la lenzi) f/8 kwenda f/5.6, au ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 200 kwenda 400, yote ni mamoja.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu, ambaye amepiga picha za mkanda, yaani filamu, maisha yake yote kwa Pentax K1000, ile kamera ya chuma iliyotengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997, haina otomatiki yoyote, kuna kisindano tu ndani ya kitundu cha kuchungulia, kikikaa katikati unafyatua. Yeye hapimi kanzu wala ukuta. Ananyoosha kiganja chake kwenye mwanga ule ule uliompiga mtu usoni, anakijaza kiganja kwenye lenzi, anasoma mita, kisha anaongeza stopu moja kwa sababu kiganja ni cheupe kuliko kile kijivu. "Mjomba," ananiambia, "sura za watu hazifanani, kuna mweupe, kuna maji ya kunde, kuna mweusi kama wewe, lakini viganja vinakaribiana." Nimejaribu, inafanya kazi hata mtu akiwa amekaa dirishani mwanga ukitokea mgongoni kwake, pale ambapo otomatiki inamgeuza kivuli. (Na tusiwalaumu sana wapiga picha wa zamani kwa sura kuwa giza, maana maabara zilikuwa zinarekebisha rangi kwa kadi za Kodak walizoziita Shirley, zenye picha ya mwanamke wa kizungu.)

Basi nikajiona fundi, nikaazima hiyo Pentax yake nikatia mkanda wa Kodak Gold 200. Hapo ndipo nikafanya kosa la pili, la kijinga kuliko la kwanza. Kwenye dijitali nilishazoea kuogopa weupe kuungua, maana sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kama ndoo, ikijaa imejaa, kinachomwagika hukipati tena hata uwe na programu gani, wakati sehemu za giza ukipiga RAW (faili ghafi la kamera) unaweza kuzinyanyua, zitakuja na chenga kidogo lakini zitakuja. Kwahiyo mkanda nao nikauminya mwanga stopu moja, ati natunza weupe. Negativu, ile mikanda iliyosafishwa ambayo weupe na weusi vimegeuzwa, zilirudi nyembamba, kwenye vivuli hamna kitu, plastiki tupu, na picha zilipochapwa zikawa matope. Nikaanza kulaumu waliosafisha. Mjomba akazinyanyua dirishani akacheka mpaka akakaa chini.

Kumbe negativu ya rangi ni kinyume kabisa. Pale ambapo mwanga haukufika hakuna kilichoandikwa, kwahiyo hakuna cha kunyanyua, ila mwanga ukizidi negativu inakuwa nzito tu na picha bado imo ndani, stopu mbili zaidi inavumilia bila kulalamika. Tangu siku ile Gold 200 naipima kana kwamba ni 100 na vivuli vinakaa vizuri. Dijitali chunga weupe, negativu chunga giza. Slaidi, ule mkanda unaotoa picha yenyewe bila kugeuzwa, ndio usiguse kabla hujazoea, ile haisamehi kuliko hata dijitali.

Halafu jamani ile skrini ya nyuma ya kamera muongo. Saa saba mchana juani kila picha inaonekana giza, usiku ukumbini kila picha inang'aa, ukifika nyumbani unalia. Angalia histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia, kile kilima kikiwa kimegandamana na ukuta wa kulia ujue kuna weupe umeungua, na washa ile ya kupepesa sehemu zilizoungua. Kikipepesa kifungo cha shati achana nacho, ikipepesa kanzu nzima, punguza mwanga upige tena.

Wiki iliyopita nimeenda harusi nyingine na Pentax, betri ya mita ikafa kabla hata bwana harusi hajashuka kwenye gari. Shata yake ni ya mitambo, haihitaji betri, nikaanza kukumbuka yale maelezo yaliyokuwa yanachapwa ndani ya boksi za Kodak: jua kali f/16 na shata iliyo karibu na namba ya mkanda, kukiwa na mawingu au kivulini unafungua zaidi. Mimi nikawa nafungua stopu moja zaidi kila mahali kwa uoga. Picha 36 zote kwa macho. Mkanda upo kwenye friji pembeni ya samaki, bado sijaupeleka kusafishwa, na mama kila akifungua friji anauliza hiyo dawa ya nani.