Domeni si kiwanja cha Ihumwa

Tangu Dodoma itangazwe kuwa jiji, Aprili 26, 2018, watu wengi hapa wamejifunza kanuni moja ya biashara: nunua mapema, kaa kimya, mji utakufuata. Kwa viwanja vya maeneo kama Ihumwa imewalipa wengi. Sasa vijana wanaihamishia kwenye domeni, yaani majina ya tovuti. Wanasajili kila neno lenye "dodoma" ndani yake na kusubiri. Hapo ndipo wanapoumia.

Kiwanja ukikiacha miaka mitano kitaota nyasi, lakini utakikuta. Domeni ya .com usipoilipia, inakuponyoka kwa hatua. Muda ukiisha, msajili, yaani kampuni uliyosajilia jina, ana hadi siku 45 za kukuruhusu ulipie kwa ada ya kawaida, ingawa wasajili wengi hawasubiri zote: huanza kulinadi jina lako kabla hazijakwisha. Baada ya hapo zinakuja siku 30 za kukomboa, na ada ya kukomboa mara nyingi inazidi ile ya mwaka kwa mara kadhaa. Zinafuata siku 5 za kungoja kufutwa, na ndani ya siku hizo hata ulie vipi hakuna wa kukurudishia. Jina lenye thamani likifutwa, programu za wadakaji, wale wanaovizia majina yanayofutwa, hulinyaka papo hapo. Kwa mtu mwenye majina mengi, kosa la kawaida ni kadi ya benki iliyokwisha muda na barua za ukumbusho zinazoingia kwenye anwani ya barua pepe asiyoifungua tena.

Tupige hesabu ya kushikilia, maana ndiyo inayoamua. Bei ya jumla ya .com, ile ambayo Verisign, kampuni inayoendesha .com, huwatoza wasajili, ilikuwa dola 7.85 kwa miaka mingi; Septemba 2024 ilifika dola 10.26. Msajili akiongeza chake, weka dola 12. Majina 60 ni dola 720 kwa mwaka. Wenye uzoefu hukadiria kwamba katika kila majina 100, moja au mawili ndiyo yatakayouzika kwa mwaka. Kwa majina 60, basi, tegemea kuuza moja. Soko la mtandaoni la kuuzia majina likikukata asilimia 20, hilo moja lazima uliuze kwa dola 900 ili urudishe ada tu, bila faida hata senti. Jiulize ni nani Dodoma atakayetoa dola 900 kwa jina ulilolikisia ukiwa umelala kitandani.

Zamani ada hizo zililipwa na matangazo. Uliliegesha jina kwenye ukurasa wa matangazo, watu wachache wakabofya, likajilipia. Mlango huo umebanwa sana: mwaka 2025 Google iliyaondoa matangazo ya wateja wake kwenye kurasa za namna hiyo, isipokuwa ya mteja aliyechagua mwenyewe kubaki. Jina lililoegeshwa sasa ni mzigo mtupu hadi siku litakapouzwa.

Kisha kuna homa ya .ai. Herufi hizo ni za Anguilla, kisiwa kidogo cha Karibiani, na kwa kuwa AI ndicho kifupi cha Kiingereza cha akili unde, zilipanda thamani baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022. Fedha zipo huko, sikatai. Lakini .ai husajiliwa kwa miaka miwili kwa mkupuo, kwa bei iliyo mara kadhaa ya .com, kwa hiyo kila kisio baya linakugharimu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Wala usitishwe na mauzo yanayotangazwa. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, na chat.com dola milioni 15.5 mwaka 2023. Yote mawili ni neno moja la Kiingereza kwenye .com. Jina lako la maneno matatu haliko kwenye mnada huo.

Soko la kweli la hapa kwetu ni dogo na linafahamika: mwenye shamba la zabibu Hombolo anayetaka kuweka chapa yake kwenye chupa, mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa, mwenye nyumba ya wageni anayewalenga abiria wa SGR tangu treni ilipoanza kufika 2024. Hawa hawanunui neno zuri. Wananunua jina walilokwisha kuliandika kwenye kibao na kwenye ubavu wa gari, na wengi wanataka .co.tz kuliko .com kwa sababu mteja wao ni Mtanzania. Majina matano yanayoendana na biashara zilizopo yana nafasi kubwa kuliko hamsini ya kubahatisha.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Domeni haikubali ritifaa, kwa hiyo "ng'ombe" itakuwa "ngombe", na mteja atajiuliza kama ndiko kwenyewe. Umoja na wingi hugombana: duka au maduka, kiwanja au viwanja? Ukishika kimoja, mshindani atashika cha pili. Na jina lenye l na r zinazopokezana litakosewa kila likitajwa redioni. Kabla ya kulipa, mtamkie mtu kwa simu mara moja tu, aliandike. Akikosea, liache.

Alama za biashara zisikuingize mtegoni. Tafuta kwanza kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania. Kwa .com, mwenye alama anaweza kufungua shauri mbele ya WIPO, shirika la haki miliki duniani, chini ya kanuni za mwaka 1999. Ada ni dola 1,500 kwa majina 1 hadi 5 mbele ya msuluhishi mmoja. Watu hukosea hivi: wanasajili jina la kampuni inayojulikana, kisha wanaiandikia kampuni hiyo barua pepe yenye bei. Barua hiyo ndiyo ushahidi wa nia mbaya, na umeuandika mwenyewe.

Ukinunua kutoka kwa mtu, usiridhike na picha ya skrini. Mwambie aongeze rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi kwenye mipangilio ya jina, yenye neno utakalolichagua wewe, mfano "mpunguzi47". Ikionekana ndani ya saa chache, basi kweli mipangilio ya jina iko mikononi mwake. Angalia historia ya jina kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao. Lililowahi kubeba kamari au dawa za uongo linaweza kukusumbua kwenye utafutaji na kwenye barua pepe. Uliza pia lilisajiliwa au kuhamishwa lini, kwa kuwa .com iliyosajiliwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida hufungwa siku 60 kabla ya kuruhusiwa kwenda kwa msajili mwingine. Ndani ya msajili uleule unaweza kusukumiwa jina kutoka akaunti hadi akaunti siku hiyohiyo, nami ningechagua njia hiyo kila inapowezekana.

Mnunuzi akiwa hapa nchini, taja bei kwa shilingi. Kanuni za 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Pesa ikae kwa mtu wa kati, kama Escrow.com au wakili mnayemwamini wote, mpaka jina lihame. Muuzaji afungue kufuli, atoe msimbo wa kuhamishia, mnunuzi auingize, kwa .com subirini hadi siku 5.

Likishafika, badilisha barua pepe ya mmiliki siku hiyohiyo na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Biashara nyingi za hapa mjini zina tovuti ambayo domeni yake bado iko kwenye akaunti ya fundi aliyeitengeneza. Siku fundi huyo akibadili namba ya simu, anayemiliki kibao cha barabarani atakuta hana uwezo wa kulipia hata mwaka mmoja wa jina lake mwenyewe.