Leo Quanzhou nimekuta Shiraz ukutani

Ndugu zangu, leo nimepanda treni kutoka Xiamen nikaja Quanzhou, mji wa bandari huku Fujian, kusini mwa China.

Ndiyo ile bandari Waarabu waliyoiita Zaitun. Enzi za Song na Yuan, tawala za zamani za China, ilikuwa kati ya bandari kubwa kabisa duniani, meli zinaleta ubani na pilipili manga, zinaondoka na hariri na vyombo vya kauri. 2021 UNESCO wakauingiza mji kwenye urithi wa dunia.

Nimeenda moja kwa moja msikiti wa Qingjing. Ulijengwa 1009 jamani!

Lango la mawe refu, matao yamechongwa moja ndani ya jingine, ukipita unakuta ukumbi wa kuswalia hauna paa, nguzo zimebaki vipande, juu anga tupu, ila aya za Qurani kwenye kuta za mawe bado zipo, herufi zimekatwa vizuri mpaka unatamani kuzigusa.

Sasa pale langoni kuna maandishi ya Kiarabu, yanasema mwaka 710 Hijria, yaani 1310 hivi, msikiti ulikarabatiwa na Ahmad, mtu wa Shiraz, mji wa Uajemi (Iran).

Shiraz! Nikasimama pale muda mrefu sana, kichwani Kilwa tu na zile habari za Washirazi tulizokua nazo pwani. Na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331, baadaye akaandika na habari za bandari hii hii.

Watu wa Kilwa mpo? Nitumieni picha za msikiti mkuu wa kule, nataka niziweke pamoja na hizi za leo.