Ngao Mbili za Mwana wa Mfalme

Nilikwenda Canterbury kwa ajili ya ngao moja tu. Treni kutoka London ilijaa hata nikasimama nusu ya safari, na kikombe cha chai nilichonunua kituoni kilikuwa na bei ambayo kwetu Kajiado ingenilisha kutwa. Lakini ndani ya kanisa kuu, nilipoinua macho juu ya kaburi la Edward wa Woodstock, mwana wa mfalme wa Uingereza aliyefariki mwaka 1376, nilisahau uchovu. Ngao ilining'inia hapo, rangi zikiwaka: simba wa dhahabu wa Uingereza kwenye wekundu, na mayungiyungi ya Ufaransa kwenye samawati, kwa kuwa baba yake, Edward wa Tatu, alijitangaza mfalme wa Ufaransa mwaka 1340. Dai la ufalme mzima lilikuwa limechorwa juu ya kinga ya mkono.

Nilikaa karibu saa nzima nikiichora daftarini, simba baada ya simba. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni aliponieleza kwa upole kwamba ile ni nakala, iliyotundikwa mwaka 1954, na kwamba yenyewe imehifadhiwa ndani ya kabati la kioo. Niliumia kama mtu aliyemkumbatia mpita njia akidhani ni nduguye.

Ile ya asili imechakaa. Ni ubao uliovishwa ngozi, na simba wake, nao wa ngozi iliyofinyangwa, wameinuka juu ya uso wake huku rangi ikiwa imefifia. Haimfichi mtu mzima. Wapiganaji wa karne ya 11 walibeba ngao ndefu zilizowafunika toka bega hadi mguu, lakini kadiri mavazi ya chuma yalivyoimarika ndivyo ngao ilivyopungua, ikabaki zaidi kuwa uso wa mwenyewe.

Nikarudi kaburini, na huko nikaona nilichokuwa nimekipita. Katika wosia wake, Edward aliagiza ngao 12 za shaba, kila moja upana wa futi moja: sita zenye alama zake kamili na sita zenye manyoya ya mbuni. Za kwanza ni za vita, za pili ni za amani. Hata katika mazishi alitaka alama zote mbili zitangulie mwili wake.

Ngao ya amani! Kwetu Wamaasai ngao ya ngozi ya nyati huchorwa sirata, michoro inayomtambulisha moran, kijana mpiganaji, na watu wake, na ngao ya namna hiyo imo katikati ya bendera ya Kenya tangu 1963. Babu yangu alikuwa na yake, kisha akaiuza kwa mtalii mwaka wa ukame, nami nilikuwa mtoto. Ndani ya treni ya jioni niligeuza ukurasa wenye mchoro wa nakala, nikajaribu kuichora sirata ya babu. Wekundu niliukumbuka, na mstari mweupe wa katikati. Upande wa kushoto ulibaki mtupu hadi London.