Arusha tumekaa roho juu

Jumatano, 21 Oktoba 2015

Zimebaki siku nne tu tupige kura ya uchaguzi mkuu na huu mji kwa kweli umekaa roho juu. Mi nauza nafaka Kilombero, mambo ya watu nayasikia kabla hayajafika redioni, na wiki hii swali ni moja, mtu akishapimiwa mchele wake anasogea karibu na mzani anauliza kwa sauti ya chini, mama, Jumatatu mtafungua? Jana kaja dada mmoja wa Sakina, mteja wangu wa siku zote, huwa anachukua sembe kilo tano basi, jana kabeba kiroba cha ishirini na tano, maharage, sukari, mafuta, chumvi mpaka na viberiti, nikamuuliza dada una shughuli nyumbani? Akasema hapana, naweka tu ndani, huwezi jua.

Huwezi jua. Ndo salamu ya mji saivi.

Na si kwamba hatujawahi kupiga kura jamani. Tatizo ni mgombea urais. Wapo wengine, wako nane jumla na yumo mama Anna Mghwira wa chama cha ACT ambaye nampa heshima zangu zote, lakini ugomvi wa watu ni juu ya mtu mmoja, Mzee Lowassa, mtu wa hapa hapa Monduli. Tarehe 30 Mei alijaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid akitangaza nia akiwa bado kijani, yani CCM, Julai kule Dodoma jina likakatwa na wajumbe wakasimama wanaimba wana imani na Lowassa, CCM ikamsimamisha Magufuli, Julai haijaisha yuko Chadema, Agosti ndo mgombea wa UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani. Yani ndani ya miezi mitatu watu wamebadilishana maneno yote waliyokuwa wanatupiana. Wale waliokariri ile orodha ya mafisadi aliyoisoma Dk. Slaa wa Chadema pale Mwembeyanga mwaka 2007, waliokaa kwenye redio Februari 2008 kamati ya Mwakyembe inasoma ripoti ya Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme, mpaka waziri mkuu, ndo huyo huyo Lowassa, akajiuzulu, leo ndo wanazungusha mikono barabarani wanaimba mabadiliko Lowassa. Na wale waliokuwa wanasema kaonewa, kabeba mzigo wa wenzake, leo hao hao wanamwita fisadi papa. Slaa mwenyewe kashindwa kuvumilia, Septemba 1 kajitoa kwenye siasa. Lipumba kaachia uenyekiti wa CUF, nayo imo UKAWA. Halafu ukimwambia mtu subiri kidogo, mwaka jana si ulikuwa unasema hivi, anakuangalia kama umemtukania mama yake.

Kwetu limeingia hadi ndani. Mwezi uliopita tulikuwa na kipaimara cha mtoto wa dada, nyumbani Machame, mbege imeiva vizuri, kata, kile kibuyu cha kunywea, inazunguka kama ilivyo kawaida, kaka yangu mkubwa ambaye ni mtumishi wa serikali akanywa akampa mdogo wetu wa mwisho, huyo anaendesha bodaboda hapa Ngarenaro. Akaikataa! Akasema mbele ya wajomba, siwezi kunywa kata moja na mtu wa Lumumba, kule makao makuu ya CCM. Watu wakanyamaza kabisa. Mimi nilizaliwa pale, nimeona watu wakigombania vihamba, wakigombania mahari, kata sijawahi kuona imekataliwa. Mama akanyanyuka akaichukua mwenyewe mkononi mwa kaka, akasema wanangu, huyo Lowassa na huyo Magufuli kuna anayewajua nyie hata majina? Mdogo wangu akawasha pikipiki akaondoka bila kula.

Nawaelewa wote wawili ndo maana inaniuma. Mdogo wangu kasoma shule ya kata, bila zile shule angeishia la saba kama waliomtangulia, na kwake mtu aliyezisukuma zile shule ni Lowassa, basi. Ukimwambia Richmond anakwambia mbona hajapelekwa mahakamani miaka saba yote. Na kaka naye anasema wewe mtu aliyekuwa ndani ya serikali hiyo hiyo toka enzi za Mwinyi atakuletea mabadiliko gani, huyu Magufuli angalau barabara zake tunaziona, kama anavyosema, hapa kazi tu. Kila mmoja ana hoja. Ila hawaongei, wanarushiana picha kwenye grupu la ukoo, na sasa hata picha zimepungua maana toka Septemba ile sheria ya makosa ya mtandao imeanza kazi na kila mtu anaogopa, shangazi kaandika tafadhali msifowadi chochote humu tusije tukafungwa.

Wasiojua Arusha wataona tunakuza mambo. Hapa tarehe 5 Januari 2011 maandamano yaliisha na maiti. Juni 2013 bomu lilirushwa viwanja vya Soweto kwenye mkutano wa Chadema, mwezi mmoja kabla lilikuwa limerushwa kanisani Olasiti. Kwahiyo mtu wa Sakina akiweka kiroba cha sembe ndani hana wazimu. Halafu unasikia kauli kama ile ya Nape, mwenezi wa CCM, kwamba chama chake kitashinda hata kwa bao la mkono, unataka mtu alale? Na huku upande wa pili vijana wanaambiwa ukishapiga kura kaa mita 200 kutoka kituoni uzilinde kura, tume inasema piga kura nenda nyumbani, Rais anasema nenda nyumbani, jambo limefika mpaka Mahakama Kuu. Mdogo wangu kashanunua betri ya tochi. Kaka kaambiwa kazini asizurure.

Wazee wanakumbuka 1995. Nilikuwa mtoto Moshi, Mrema katoka CCM kaenda chama cha NCCR kugombea urais, vijana wanasukuma gari lake kwa mikono, ilionekana kabisa mambo yameisha, na mzee Mkapa akashinda. Ile huzuni naikumbuka, baba alikaa siku nzima hasemi. Lakini alikuja jirani wa CCM jioni wakakaa wote. Leo nikiangalia hapa sokoni, wauza vitunguu wanaopakana meza toka nimewajua wameweka gunia katikati wasionane, mmoja kavaa fulana ya kijani mwingine kombati ya Chadema, na chenji wanatafutiana kupitia kwa mtoto.

Na ubaya zaidi kura ya urais ikishatangazwa imetangazwa. Hakuna duru ya pili, aliyezidi hata kwa kura moja ndo rais, na katiba inasema ibara ya 41 kwamba hakuna mahakama itakayochunguza. Yani yote haya, viroba, tochi, kata iliyokataliwa, yanaishia kwenye karatasi moja atakayosoma Jaji Lubuva, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi. Mi nadhani nusu ya uoga wetu unatoka hapo, watu wakijua kuna mahali pa kwenda kulalamika wasingehangaika na mita 200.

Sasa niseme la kwangu. Nitampigia Lowassa. Nimeamua, nimechoka na chama kimoja toka nazaliwa, na naamini ikulu ikibadilisha wenyewe mara moja tu hata watakaofuata watakuwa na adabu. Lakini wiki iliyopita pale kwenye kahawa niliuliza tu, hivi Mzee mbona hotuba zake ni dakika chache hivyo anashuka jukwaani, Richmond atatuelezea lini? Mungu wangu. Mzee mmoja ananiheshimu siku zote ananiita mama, akasema umenunuliwa shilingi ngapi. Watu wa rangi yangu mwenyewe! Nikaondoka na kahawa yangu mkononi.

Hilo ndo linaninyima usingizi kuliko mabomu ya machozi. Mgombea ambaye ukimpenda huruhusiwi kumuuliza, na ukimuuliza umeshakuwa msaliti, huyo tunampeleka ikulu tukiwa tumeshafunga midomo wenyewe kabla hajaapa. Na kijani ni hivyo hivyo, nani huko kasimama akamuuliza Magufuli, mheshimiwa umekuwa serikalini toka 1995, hiyo kazi tu ilikuwa inazuiliwa na nani? Hakuna. Anapiga push-up jukwaani, wao wanashangilia.

Basi mi nauliza hapa. Mzee Lowassa, ulipoingia Chadema ulisema mwenye ushahidi wa Richmond aende mahakamani, sawa, lakini mimi sihitaji kesi, nahitaji kusikia kutoka kwako nini kilitokea, nani aliamua nini, kwa sababu Jumapili asubuhi nikitoka misa ya kwanza naenda kupanga foleni kwa ajili yako na mdogo wangu kaacha kuongea na kaka yake kwa ajili yako. Halafu la pili, hili ndo kubwa na sijalisikia kwenye mkutano hata mmoja. UKAWA ilizaliwa Dodoma mwaka jana kwenye Bunge la Katiba, watu walitoka nje kutetea rasimu ya katiba mpya ya Jaji Warioba, ile ambayo ingeruhusu matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani, na wewe siku hizo ulikuwa chama cha wale waliobaki ndani wakapitisha ya kwao. Kura ya maoni ya hiyo katiba ilikuwa iwe Aprili 30 mwaka huu ikaahirishwa na kila mtu kanyamaza. Ukiapishwa tunaanzia wapi, kwenye ile ya Warioba au kwenye ile mliyoipitisha mkiwa huko?