Mkono wa kushoto wa Randy Weston

Usimsikilize Randy Weston, mpiga piano wa jazi wa Marekani, kwa spika ya simu. Nasema hivi kama fundi. Spika yenye upana wa kucha haina nguvu ya kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti za chini, na huyu bwana utajiri wake mwingi kauweka hukohuko chini, kwenye ncha ya kushoto ya piano ambako wapigaji wengi hupita mara mojamoja. Kwenye simu utasikia vidole vya kulia vikidonoadonoa, kimya, vikidonoa tena, na utajiuliza watu wanamsifia nini. Tafuta sabufa, hata ya kuazima. Kitufe cha besi kiweke katikati, usikikaze hadi mwisho kama wafanyavyo wenye Noah wa njia ya Marangu, halafu kaa utulie.

Mimi natengeneza redio na amplifaya karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi, na Jumapili napiga kinanda cha kwaya usharikani kwetu. Muziki sijausomea zaidi ya nota za tenzi. Weston nililetewa na mzee mmoja wa Old Moshi, mwalimu mstaafu, aliyekuja na pleya ya santuri iliyokatika mkanda. Mkanda niliuagiza Kariakoo. Wakati tunausubiri akaniachia santuri moja ya kujaribia, kuukuu lakini haina mikwaruzo mingi.

"Shikamoo Mzee. Anapiga nani humu?"

"Marahaba, mwanangu. Anapiga mtu mrefu sana. Mkanda ukifika utamsikia."

Ilikuwa Blue Moses, iliyotoka 1972 kwa kampuni ya CTI ya Creed Taylor. Katika kazi zote za Weston hii ndiyo iliyouzika kuliko nyingine, na ukiisikia huoni ajabu: Freddie Hubbard yumo na tarumbeta, Ron Carter na besi, Billy Cobham na dramu, Grover Washington Jr. na saksafoni. Inachezeka. Kijana ninayemfundisha ufundi aliisikia akaanza kutikisa kichwa huku ameshika risasi ya kuchomelea, nikamwambia aweke chini kwanza kabla hajaniunguzia saketi ya mteja.

Lakini piano ya humo ni ya umeme, Fender Rhodes, na juu ya walichopiga, mpangaji muziki Don Sebesky aliongeza okestra. Weston mwenyewe hakuficha kwamba piano ile haikumkaa. Nipo upande wake. Ndani ya Rhodes kuna nyundo inayogonga kijiti cha chuma mbele ya sumaku, na sauti inayotoka ni nzuri, laini, imepimwa. Piano ya kawaida ukiigonga kwa nguvu kule chini, uzi mmoja mnene unaamsha na nyuzi jirani ambazo hujazigusa. Mtu aliyezoea kuishi katika mtetemo huo ukimpa kijiti na sumaku umempunguzia nusu ya maneno yake. Kwa hiyo kama Blue Moses ndiyo uliyokutana nayo kwanza, kama mimi, furahi nayo, ila usidhani umeshamsikia.

Sasa nije kwenye ile ambayo kila Mtanzania niliyemsimulia habari hii ananiambia nianze nayo. Mwezi Novemba 1960, New York, Weston alirekodi Uhuru Afrika. Jina ni la Kiswahili, na humo ndani kuna vipande viitwavyo "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues". Maneno aliandika mshairi Langston Hughes. Muziki aliupanga Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye bila yeye nusu ya kazi kubwa za Weston zisingekuwepo. Studio walijaa wanamuziki zaidi ya 20, wakiwemo Max Roach, Clark Terry, Yusef Lateef, na Babatunde Olatunji wa Nigeria kwenye ngoma. Mwaka huohuo wa 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Yetu bado. Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi tu, na Nyirenda alikuwa hajapandisha mwenge juu ya mlima huu ninaouona nikitoka dukani asubuhi kabla mawingu hayajaufunika.

Na sauti inayosikika mwanzo kabisa mwa albamu ile, ikizungukwa na ngoma, ni ya Mtanganyika: Tuntemeke Sanga. Kwa jina hilo mtu wa hapa anawaza Makete mara moja. Anatamka Kiswahili pole pole, kwa uzito, na unajua hakujifunza lugha hiyo kwenye kitabu. Nilipomwekea kijana wangu aliuliza, "Fundi, huyu anahutubia au anaimba?" Nikamwambia zamani hizo ilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ikaipiga albamu hiyo marufuku nchini Afrika Kusini, kwa hiyo walau wao walielewa kilichosemwa.

Naipenda. Nywele zinanisimama kila ngoma zinapoanza. Lakini nitasema kitu ambacho najua kitawaudhi wenzangu wanaotuma kipande cha Sanga kwenye makundi ya WhatsApp kila Desemba 9: Uhuru Afrika ina lugha yetu, na ndiyo maana tunaishangilia, ila si humo utakapoisikia Afrika ikiingia kwenye vidole vya Weston. Wakati anairekodi alikuwa hajakanyaga bara hili. Afrika aliyokuwa nayo ilikuwa ya baba yake, Frank Edward Weston, mfuasi wa mwanaharakati wa watu weusi Marcus Garvey, aliyemlea mwanawe Brooklyn akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Hiyo si Afrika ndogo. Lakini ni ya moyoni na ya vitabuni, na kwenye albamu ile matarumbeta, matromboni na filimbi vinaibeba huku piano ikikaa nyuma. Ukitaka mkono wa kushoto, sogea mbele miaka kadhaa.

Alifika Lagos 1961, akarudi tena 1963. Mwaka huo wa 1963 akarekodi albamu ya Highlife, na humo mna "Niger Mambo" ya Bobby Benson wa Lagos na "Mystery of Love" ya Guy Warren, mpiga ngoma wa Ghana. Hiyo ya pili hakuiacha maisha yake yote. Mwaka 1967 serikali ya Marekani ikamtuma na bendi yake kuzunguka Afrika Magharibi na Kaskazini. Ziara ikaisha, yeye akahamia Morocco. Alikaa Tangier hadi 1972, akafungua klabu aliyoiita African Rhythms, na hapo ndipo alipokutana na Wagnawa.

Hapa naomba nikae kidogo.

Wagnawa ni watu ambao asili yao ni wale waliovushwa jangwa la Sahara wakiwa watumwa kutoka kusini mwake. Chombo chao kikuu kinaitwa guembri, wengine husema hajhuj: sanduku la mbao lililowambwa ngozi ya ngamia, nyuzi tatu za utumbo, sauti ya chini kabisa. Mpigaji anadona uzi na wakati huohuo anagonga ngozi, kwa hiyo besi na ngoma vinatoka mkono mmoja. Wenzake wanagonganisha vyuma mikononi, mdundo haukatiki, usiku kucha.

Sikiliza hicho kwanza. Weston mwenyewe alirahisisha kazi hiyo: Septemba 1992 aliwakusanya mabingwa wa Kignawa Marrakech akawarekodi, na katika albamu ile amewaachia wao karibu uwanja wote. Siku hizohizo, mjini humohumo, katika hoteli ya La Mamounia, akakaa peke yake kwenye piano akarekodi Marrakech in the Cool of the Evening. Zichezeshe moja baada ya nyingine na utaona kilichompata mtu huyu. Mkono wa kushoto umeacha kuwa msindikizaji. Unadona na kugonga kwa pamoja, unarudia kijisentensi kifupi mara nne, mara tano, hauna haraka, kisha unashusha nota moja ya chini inayotua kama gunia la mahindi likishushwa kutoka kwenye Fuso. Mkono wa kulia unangoja vumbi litulie ndipo useme neno. Hakuna anayetamka Kiswahili humo, wala lugha nyingine yoyote.

Si kwamba kabla ya Morocco alikuwa mtupu. Kile kimya katikati ya nota alikichota kwa mpiga piano mwenzake Thelonious Monk, ambaye alikuwa akienda kumtembelea nyumbani kwake tangu ujana, na uzito alikuwa nao tangu zamani. Ushahidi ni wimbo wake "Hi-Fly", ambao aliutunga akicheka urefu wake mwenyewe. Alizidi mita mbili, na wimbo unahusu jinsi ardhi inavyoonekana kutoka huko juu. Huu ndio wimbo wa kumfuatia. Upo katika rekodi ya tamasha la Newport la 1958. Upo kwenye ile ya klabu ya Five Spot ya 1959, Coleman Hawkins akiwemo, unaenda mbio, watu wamevaa suti. Upo kwenye Tanjah ya 1973, ambapo Melba Liston amerudi kupanga muziki, na mimi naichukulia albamu hiyo kama jibu lao kwa Blue Moses: bendi kubwa tena, lakini safari hii hakuna aliyempakia kitu mgongoni bila kumuuliza. Halafu upo kwenye The Storyteller, iliyorekodiwa klabuni New York Desemba 2009, Weston akiwa na miaka 83. Hapo haendi mbio tena. Anauachia wimbo mapengo makubwa, na huku kushoto kuna vitu ambavyo mwaka 1958 havikuwepo.

Kuna nyingine nazitaja tu nikipita. Little Niles ya 1958, valsi tupu kuhusu watoto, nzuri kwa kupikia chakula cha jioni. The Spirits of Our Ancestors ya 1991, ndefu, Dizzy Gillespie na Pharoah Sanders wamo, na ukiwa na muda wa albamu moja tu ya bendi kubwa chukua hii. Liston alikuwa ameshapigwa na kiharusi mwaka 1985, na muziki wa albamu hiyo alikuwa akiupanga kwa kompyuta. Nikijua hivyo nasikiliza kila ala inayoingia kwa adabu zaidi. Blues to Africa ya 1974, piano peke yake, ndiyo ninayoiweka nikishafunga duka, honi za barabarani zikipungua.

Weston alifariki Brooklyn, mji aliozaliwa, Septemba 1, 2018. Nyaraka zake na kanda zake zilikuwa zimeshachukuliwa na Chuo Kikuu cha Harvard tangu 2016. Nimefurahi kwamba ziko mahali pakavu penye umeme usiokatika. Nina maoni yangu kuhusu umbali wa Harvard kutoka Marrakech na kutoka Lagos, lakini nikianza hayo tutalala hapa.

Mwalimu wangu mstaafu alikuja mkanda ulipofika. Tulimwekea Blue Moses yake hadi mwisho, kisha nikamuomba dakika tano nikamwekea Marrakech. Alisikiliza ameegemea fimbo. "Huyu ni yule yule?" akauliza. Nikamwambia ni yule yule, Mzee, ila hapa wamemwachia piano ya mbao. Akasema nimwekee kwenye flashi. Pleya anasema atatuma mjukuu aichukue; naona kama flashi imeshaishinda.

Mimi kosa langu, kama ni kosa, nimelipeleka kanisani. Jumamosi mazoezini, kwenye utenzi wa kawaida kabisa ambao mkono wa kushoto huwa unatembea na besi ya wanaume nota kwa nota, nikaanza kurudia kijisentensi kimoja chini, nagonga, naacha, narudia. Sauti ya kwanza waliendelea bila kujali. Wa besi wakapotea wote. Mwalimu wa kwaya akanyoosha mkono tukasimama.

"Kaka, hiyo besi ina wenyewe. Wale pale wanne, wamevaa na tai."

Tukajadiliana. Nikamwambia habari za Brooklyn na za ngozi ya ngamia, akanisikiliza kwa uvumilivu wa mtu ambaye ana nyimbo nyingine tatu za kupitia kabla giza halijaingia. Mwishoni ameniruhusu ubeti mmoja, ule wa mwisho, wakati watu wameshainuka kwenda kutoa sadaka.