Alhamisi ya twende kilioni

Juzi binti yangu alisinzia akisukwa. Kichwa kinadondoka, msusi anakiinua, kinadondoka tena, na mafuta ya nazi yananukia sebule nzima. Nikaikumbuka ile Alhamisi Shangazi aliponifukuza nyumbani.

Ulikuwa mwaka ambao mama alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala. Chai ilimpalia, uji mzito ndio uliopita. Na kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ageuzwe, asije akatoka vidonda vya kulalia: unakunja khanga, unaipitisha chini ya kiuno, unavuta kuelekea kwako, unamwekea mto mgongoni. Mwanzoni nilitegea simu. Baadaye nikawa naamka kabla haijalia.

Wageni walimpa mama pole, mimi wakanipa nasaha. Pumzika. Kula vizuri. Jiangalie na wewe. Kaka alizituma kutoka Dodoma karibu kila jioni. Za kweli zote, ila hakuna iliyokuja na mikono ya kushika ncha ya pili ya khanga.

Shangazi wa Pangani hana nasaha. Alitua kikapu, akanisogelea, akaninusa kichwani.

"We mtoto, unanuka. Nenda kasukwe, na nisikuone hapa kabla ya alasiri."

"Na mama je?"

"Bibi yako nimemuuguza mimi, wewe hujazaliwa. Toka."

Nikatoka na ndala zisizofanana. Kwa msusi nikakaa mkekani, katikati ya magoti yake, nikamwambia anisuke ule msuko wa twende kilioni, wa haraka haraka, niwahi. Kitana cha kwanza kilinitoa machozi, nywele zilivyokuwa zimeshikana. Kisha akachovya kidole kwenye mafuta, akakipitisha kwenye mstari, taratibu, kuanzia pajini mpaka kisogoni. Pakapoa. Akachovya tena. Nilimsikia akimlalamikia mwenzake bei ya dagaa, shavu langu likiwa kwenye goti lake, halafu sikusikia kitu. Nikageuzwa kushoto, nikageuzwa kulia, wala sina habari. Nilipozinduka wateja wawili walikuwa wananisubiri nimalize kulala, na gauni la msusi limelowa udenda wangu. Hakunidai cha ziada. Alisema tu, "Dada, ulikuwa unakoroma."

Nyumbani nilimkuta mama kalazwa ubavu, safi, kapakwa poda. Wakati huo maneno yalikuwa yanamtoka moja moja, kwa kusukuma. Alinitazama kichwa kwa muda mrefu.

"Twende... kilioni," akasema. Akapumzika. "Cha... nani?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka, katikati ya kicheko nikaanza kulia, nikashindwa kunyamaza. Mpaka leo sijajua kama mama alikuwa ananitania au aliudhika kwamba nilimwacha. Alikuwa mtu wa kuweza yote mawili kwa pamoja.

Mvua zilipoanza Shangazi akarudi kwenye shamba lake. Nikamwandikia kaka: pole zako nimezipokea, sasa nataka Alhamisi. Hakujibu, akatuma hela. Niliwaza kuzirudisha, kwa hasira. Sikuzirudisha. Nilimlipa jirani awe anakaa na mama kila Alhamisi mchana.

Mama hakumpenda hata kidogo. Akija na kijiko alimkazia meno, na uji unanisubiri mimi, umeshaganda. Nami niliendelea kutoka.