Kisahani kigeugeu

Kiangazi changu cha kwanza cha gofu ya visahani hapa Helsinki, mchezo wa kurusha visahani vya plastiki hadi kwenye kikapu cha minyororo, nilinunua kwa kutazama namba. Kisahani cha kurusha mbali huwa na namba nne: kasi, kuelea, kugeuka, na kupinda mwishoni. Nikaona kimoja kiitwacho Destroyer, 12, 5, -1, 3, nikasema 12 ndiyo mambo. Uwanjani Tali kila nilipokirusha kilikwenda mita 40 hivi, kisha kikakata kushoto na kuingia vichakani kama kilichoitwa na mtu.

Mwenzangu wa kucheza ni mtu wa Bukavu, ameishi Ufini miaka mingi kunizidi. Alinitazama wiki mbili bila kusema neno, halafu akanitolea Roadrunner yake kuukuu: 9, 5, -4, 1. "Ndugu yangu, mkono wako bado. Shika hiki kigeugeu." Jina likabaki. Vile vinavyong'ang'ania kushoto tukaviita vikaidi.

Mimi narusha bekihendi, yaani mkono unaanzia upande wa pili wa kifua, kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kisahani huzunguka kama mishale ya saa ukikitazama kutoka juu. Kikiwa na kasi, hewa hukiinua zaidi nyuma ya katikati yake, pua ikasukumwa chini. Lakini kitu kinachozunguka hakitii msukumo pale unapogusa, hivyo badala ya kuinama mbele kinalalia kulia. Kasi ikiisha, kinalalia kushoto. Kikaidi hutaka kasi kubwa sana kabla hakijakubali kwenda kulia hata kidogo. Mkono wangu haukuwa nayo, basi nilikuwa naona mwisho tu wa safari yake. Kigeugeu hakina masharti hayo. Kilikwenda, kikaegemea kulia kidogo, kikarudi, kikatua karibu na mstari niliolenga. Siku hiyo nilipita mita 60, nikapiga kelele za kumtia mtu aibu.

Binti yangu wa miaka kumi alikirusha hichohicho, kikapinda kushoto mapema. Kwake kigeugeu kilikuwa kikaidi! Tukamtafutia cha gramu 150, maana chepesi hugeuka kwa mkono mdogo. Mwenzangu naye akikirusha kikiwa bapa, kilipinduka kulia na kujipigiza chini. Kwa hiyo yeye hukiachia ukingo wa kushoto ukiwa umeinama. Kinaruka kimelala, kinajinyoosha hewani, kisha kinakwenda moja kwa moja mbali mno. Akitaka kuringa, hukilaza upande wa kulia kiangukie ukingo na kubingirika nyasini, kama ringi ya baiskeli tuliyokimbiza na kijiti utotoni.

Kiangazi kilichofuata nami yakanikuta. Roadrunner ilianza kwenda kulia bila kurudi. Nikadhani imeharibika, na kweli kugonga miti kulikuwa kumeizidishia ugeugeu, lakini sababu kubwa ilikuwa mkono wangu uliokua. Nilitaka kununua kingine. Mwenzangu akacheka: "Hela zako. Kiinamishe kwanza."

Hapo ndipo penye kazi. Nilianza kwa kupinda kifundo cha mkono, kosa kubwa: kisahani kilitoka kikiyumbayumba. Kilichonifaa ni kuinama kiunoni, mabega yote yaelekee chini kwa mbele, na mkono ufuate mlalo uleule. Nilirusha jioni nyingi. Mwezi wa sita hapa saa nne ya usiku inapita na jua bado lipo, huna kisingizio. Ilichukua kama mwezi mzima kabla sijakiona kikiinuka chenyewe na kunyooka. Sijui kitu kizuri zaidi ya hicho uwanjani, hata mlio wa minyororo ya kikapu haukifikii.

Upepo wa usoni ndio adui, kwani huongeza ugeugeu. Ukivuma kutoka baharini, namtoa yule Destroyer, bado ninaye mfukoni. Siku hizo huenda karibu na mstari. Siku nyingine zote huenda kutafuta kichaka chake.